Mapafu ya vijana wetu wa Kisumu na Nakuru: je, yanakua inavyopaswa katika hewa hii?

PumziYaWinam (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Kila tunapozungumza kuhusu moshi wa mijini, maneno huishia kwenye kikohozi, macho kuwasha na nguo zinazochafuka kabla hazijakauka kambani. Hayo ni kweli, lakini nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo jingine ambalo naona linatupita: moshi unaweza kuyazuia mapafu ya kijana yasifikie ukubwa wake hata kama kijana huyo hakohoi kabisa.

Mtoto huzaliwa na sehemu tu ya vifuko vya hewa atakavyokuwa navyo ukubwani, maana mtu mzima huwa na mamia ya mamilioni ya vifuko hivyo. Mapafu huendelea kukua utotoni, kisha hupanuka kwa kasi wakati wa kubalehe. Kwa wasichana kazi hiyo hukaribia kukamilika wakiwa na umri wa miaka 18 hivi, ilhali kwa wavulana huendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Baada ya hapo uwezo wa mapafu hutulia kwa muda, halafu huanza kupungua polepole kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hajawahi kugusa sigara. Kwa hiyo kiwango anachofikia kijana mwenye miaka 20 ni akiba atakayoitumia hadi uzeeni, na aliyeanza na akiba ndogo huishiwa mapema.

Ushahidi wa jambo hili ulikusanywa kwa subira kubwa huko kusini mwa California, Marekani. Kuanzia mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waliwafuatilia watoto 1,759 wa miji 12 tangu walipokuwa na miaka 10 hivi hadi walipofika 18, wakiwapima kila mara kiasi cha hewa wanachoweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Katika mji uliokuwa na hewa safi zaidi, asilimia 1.6 ya vijana walifika miaka 18 wakiwa na uwezo ulio chini ya kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa kidogo; katika mji uliokuwa na chembe ndogo nyingi zaidi, walikuwa asilimia 7.9, yaani karibu mara tano. Zingatieni kwamba hawa hawakuwa wagonjwa waliotafutwa hospitalini. Walikuwa wanafunzi wa kawaida, wengi wao wakicheza mpira kama wenzao.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kile kinachofuata miaka mingi baadaye. Miongoni mwa watu ambao uwezo wao wa mapafu ulikuwa mdogo kabla ya kufika miaka 40, takriban asilimia 26 walipata ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao hapa kwetu huhusishwa na wazee wavutaji wa sigara. Kwa wale walioanza na mapafu ya kawaida, walikuwa asilimia 7 tu. Baadhi ya wazee tunaowaona wakisimama kila hatua chache ili wapate pumzi huenda tatizo lao lilianza wakiwa bado shuleni.

Sasa, ni nini hasa kinachoingia mapafuni? Vumbi kubwa hunaswa na pua na makamasi, tukapiga chafya au kulitema. Hatari zaidi ni chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70. Chembe hizo hutokana hasa na kitu kinachoungua: dizeli, kuni, makaa, taka, miwa, mafuta ya taa. Hupita koo na mirija mikubwa, zikafika kwenye vifuko vya hewa, ambako seli za ulinzi hujaribu kuzimeza. Katika mapambano hayo seli hutoa kemikali zinazosababisha uvimbe, na uvimbe unaorudi kila siku katika tishu ambayo bado inakua huiharibia mpangilio wa ukuaji. Gesi ya nitrojeni dioksidi inayotoka kwenye injini nayo huchoma kuta za mirija, na zile nyembamba ndizo huumia zaidi. Watoto pia huvuta hewa nyingi kuliko sisi tukilinganisha na uzito wa mwili, hukimbia zaidi, na mara nyingi hupumua kwa mdomo, hivyo lile chujio la pua halitumiki.

Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake mwaka 2021: wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, badala ya 10 za awali. Kwa kipimo hicho, karibu watu wote duniani, asilimia 99, wanavuta hewa iliyozidi kiwango. Najua kuna atakayesema kwamba kama ni wote basi hakuna la kufanya. Mimi sioni hivyo, kwa sababu tofauti kati ya kuzidi kidogo na kuzidi mara kadhaa ndiyo iliyoonekana kwenye mapafu ya wale vijana wa California.

Hapa Kisumu tuna hali yetu. Mchana upepo hutoka ziwani ukaingia mjini na kuupeleka moshi kuelekea milima ya Nandi. Usiku upepo hugeuka na kudhoofika, hewa ya chini hupoa, na moshi wa jioni hubaki umelala juu ya mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga mpaka jua lipande. Saa ambazo wanafunzi huwa njiani kwenda shule asubuhi ni saa ambazo hewa bado haijachanganyika. Jioni wanaporudi, majiko yamewashwa, magari yamejaa Kondele, na mahali pengine taka zinachomwa kando ya barabara. Ningependa tusaidiane kujua ni wapi hasa vijana wetu hutumia saa hizo mbaya, kwa maana naamini hapo ndipo pa kuanzia.

MdadisiBusia

Nimekusoma kwa makini, ndugu, na hoja ni nzito, lakini nina mashaka mawili. La kwanza, California si Kisumu. Watoto wetu wana malaria, nimonia, lishe duni na kifua kikuu, na yote hayo yanaweza kuyadumaza mapafu bila bomba la matatu kuhusika. Mtoto anayeishi kando ya barabara kuu mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kuishi kwingine, kwa hiyo utajuaje kama kilichomdhuru ni moshi au ni umaskini? La pili, nimekulia kijijini karibu na Funyula, ambako hakuna magari ya kutaja, na bado bibi zetu wanakohoa kutokana na moshi wa jikoni. Mbona tusianze na jiko, tukauacha huu mjadala wa miji kwa wenye miji mikubwa?

PumziYaWinam

Asante, ndugu Mdadisi. Shaka la kwanza ndilo ambalo watafiti wenyewe walihangaika nalo. Katika ule utafiti wa California walizingatia kipato cha familia, elimu ya wazazi, pumu, sigara za mzazi na za kijana mwenyewe, na bado tofauti ilibaki. Ushahidi ulionishawishi zaidi ni ule uliokuja baadaye. Kanuni za magari na viwanda zilikazwa huko, hewa ikawa safi zaidi, kisha watafiti walewale wakalinganisha makundi matatu ya watoto waliokulia katika jamii zilezile kwa nyakati tofauti: 1994 hadi 1998, 1997 hadi 2001, na 2007 hadi 2011. Idadi ya vijana wa miaka 15 wenye uwezo mdogo wa mapafu ilishuka kutoka asilimia 7.9 hadi 6.3, halafu 3.6. Mitaa ilikuwa ileile, na shule pia. Ukichukua hewa kama kitu kilichobadilika waziwazi, ni vigumu kuulaumu umaskini peke yake.

Nikiri pia kwamba si kila hatua huzaa matunda. London iliweka eneo la kuzuia malori machafu mwaka 2008, na watafiti wakawapima zaidi ya watoto 2,000 wa miaka 8 na 9 katika shule za mashariki mwa jiji hilo. Walipochapisha matokeo mwaka 2019, ilibainika kwamba uchafuzi ulihusishwa na upungufu wa takriban asilimia 5 wa ujazo wa mapafu, na kwamba lile eneo la mwanzo lilikuwa limeipunguza gesi ya nitrojeni dioksidi kidogo tu, bila kuokoa mapafu ya watoto kwa kiwango cha kuonekana. Hatua ya nusunusu huleta matokeo ya nusunusu.

Kuhusu jiko, sina ugomvi nawe hata kidogo. Chembe za kuni na chembe za dizeli zinapofika kwenye kifuko cha hewa hazitofautiani sana kwa madhara, na moshi wa jikoni ukitoka dirishani ndio huohuo unaokuwa hewa ya mtaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulichangia vifo vya mapema takriban milioni 4.2 mwaka 2019, na ule wa majumbani milioni 3.2 mwaka 2020. Kuna wanaohesabiwa pande zote mbili kwa sababu ndivyo wanavyoishi. Mtoto wa Manyatta anayepikiwa kwa makaa katika chumba kimoja, akalala humo, kisha akatembea kando ya barabara kuelekea shule, hana mahali ambapo mapafu yake hupumzika. Hilo ndilo linaloitofautisha Kisumu na kijiji chenu cha Funyula, ambako mtoto akitoka nje ya jiko hukutana na upepo.

MkaziWaObunga

Ninaomba nami niseme neno, kwa heshima. Mmetaja Obunga. Hapa kwetu kina mama wengi hukaanga mgongo wazi, yaani yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuchukua minofu. Ni chakula cha watu wengi na ndicho kilichowasomesha watoto wengi hapa. Tunakaangia kwa kuni, na wasichana wakitoka shule hutusaidia kuchochea moto na kugeuza samaki mpaka giza liingie. Naogopa mazungumzo ya namna hii kwa sababu mara nyingi yakifika kwa wakubwa, hatua ya kwanza ni askari wa kaunti kuja kutumwagia mafuta. Mnatuambia tufanye nini ambacho hakitatunyima riziki?

PumziYaWinam

Mama, hofu yako ina msingi, na ningesikitika kama uzi huu ungetumiwa kumwaga mafuta ya mtu yeyote. Moto wa kukaangia si dhambi. Tatizo ni moshi wake na nani anauvuta. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko zilizokaushwa vizuri, kwa hiyo kibanda cha kukaushia kuni ni hatua ya gharama ndogo. Plastiki na vipande vya tairi visitumike kabisa kuwashia, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa moshi wake una sumu kali zaidi. Jiko la kujengwa kwa matofali lenye bomba refu huupeleka moshi juu ya vichwa vya watu, na kina mama wakichanga katika chama wanaweza kujengewa majiko ya pamoja na fundi wa hapohapo. La nne ni gumu zaidi kulisema: msichana wa miaka 12 akiwa jikoni kwa saa nyingi kila jioni, yeye ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko mama yake, kwa sababu mapafu ya mama yalishamaliza kukua. Apewe kazi ya kuuza, kuhesabu au kuosha samaki, na uchochezi ufanywe na watu wazima kwa zamu.

Kwa upande wa kaunti, kama kweli wanajali, kuna soko la kukaangia linaloweza kujengwa likiwa na mabomba ya moshi. Hilo ni ombi linaloweza kupelekwa kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na lina nguvu zaidi likitoka kwenu nyinyi wenyewe.

TabibuWaZamu

Ninafanya kazi kama tabibu katika kituo cha afya cha serikali magharibi mwa Kenya. Sitasema ni kipi. Nataka kuchangia upande wa wagonjwa, kwa sababu kuna vijana ambao tayari wanaumia na hawajatambuliwa.

Jijini Nairobi kulifanywa utafiti uliopewa jina la Tupumue, ukawalinganisha watoto wa shule wa Mukuru, mtaa wa mabanda ulio karibu na viwanda, na wenzao wa Buruburu walio jirani tu. Watoto wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi zaidi za matatizo ya kupumua, lakini waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wachache kuliko wa Buruburu. Hali hiyo naiona kazini. Mama huja na mtoto kwa mara ya kadhaa katika mwaka mmoja; kila mara ameandikiwa dawa ya kikohozi ya chupa na kiuavijasumu, anapata nafuu, kisha baada ya wiki chache anarudi. Hakuna aliyekaa naye na kumuuliza maswali yanayofaa. Je, kifua hupiga mluzi usiku au alfajiri? Je, hushikwa akikimbia? Je, huzidi mtaa unapochoma taka, au msimu wa kuchoma miwa huko Muhoroni na Chemelil? Kati ya vipindi hivyo, je, huwa mzima kabisa? Majibu yakiwa ndiyo, nimonia ya kujirudia si jibu la kwanza ninaloliwazia.

Tafadhali msinielewe vibaya: kikohozi kilichozidi wiki 2, homa za jioni, kutoka jasho usiku na kupungua uzito vinahitaji kipimo cha kifua kikuu kwanza, na ugonjwa huo bado upo sana kwetu. Mtoto anayepumua haraka, mbavu zikiingia ndani, aletwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa wale waliokwisha kuambiwa wana pumu, kosa ninaloliona zaidi ni kutegemea ile inhela ya bluu peke yake. Hiyo hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache, lakini uvimbe ulioko ndani hauutibu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena kwamba vijana na watu wazima watibiwe kwa dawa hiyo peke yake. Wanahitaji pia dawa ya kuvuta yenye steroidi ya kiwango kidogo. Wazazi huogopa neno hilo steroidi, ilhali kiasi kinachovutwa ni kidogo sana kikilinganishwa na vidonge, na mtoto asiyetibiwa ndiye huishia kupewa vidonge na sindano kila mara. Kadhalika, wengi hupuliza dawa mdomoni ikaishia ulimini. Chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo husaidia, na kama hakipatikani, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela hufanya kazi. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 uliiona chupa hiyo ikikaribia vifaa vya dukani. Bonyeza mara moja, mtoto avute pumzi tano au sita za kawaida kupitia mdomo wa chupa, kisha rudia kama ulivyoagizwa.

KijanaWaSteji

Habari zenu. Mimi ni mwendeshaji bodaboda, nina miaka 23, na steji yangu iko karibu na mzunguko wa Kondele. Nimesoma yote kwa utulivu maana yananihusu. Sisi hukaa hapo kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi usiku, na matatu na tuktuk huegeshwa mbele yetu injini zikinguruma wakati wakisubiri abiria. Wengi wetu hujifunga leso usoni. Je, inasaidia? Na je, mtu wa umri wangu, mapafu yameshakua, basi yamepona?

TabibuWaZamu

Ndugu yangu, leso huzuia vumbi kubwa, jambo ambalo si baya ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya murramu, lakini chembe za moshi hupita katikati ya nyuzi na pembeni mwa mashavu. Barakoa ya aina ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe hizo ikiwa imekaza usoni vizuri. Ndevu nyingi huiharibia kazi. Inaweza kutumika zaidi ya siku moja mradi haijalowa, haijachanika na haijawa ngumu kupumulia. Najua kwamba joto la Kisumu haliirahisishi, kwa hiyo kama huwezi kuivaa siku nzima, ivae ukiwa kwenye msongamano na ukiwa stejini asubuhi.

Kuhusu umri: kwa mwanamume wa miaka 23, ukuaji uko mwishoni mwake, lakini madhara hayakomi hapo. Moshi huongeza kasi ya ule upungufu wa polepole aliouzungumzia mwanzisha uzi, huamsha pumu iliyolala, na mwaka 2012 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2013 ukauongeza uchafuzi wa hewa ya nje kwa ujumla. Kama unavuta sigara juu ya hayo yote, hapo ndipo utapata faida kubwa na ya haraka zaidi ukiacha.

PumziYaWinam

Niongeze kidogo kwa kijana wetu. Umbali ni dawa. Moshi wa bomba hupungua sana mita chache tu kutoka kwenye chanzo, kwa hiyo kuisogeza steji ikawa kando, upande ambao upepo hutoka, badala ya kuwa nyuma ya mabomba ya matatu, ni jambo ambalo chama chenu kinaweza kulizungumza na wasimamizi wa steji bila kusubiri serikali. La pili ni injini kuzimwa. Matatu inayosubiri abiria kwa nusu saa haina sababu ya kunguruma, na mwenye gari angeokoa mafuta yake.

Afrika Mashariki ilishapiga hatua moja ambayo haisifiwi vya kutosha: Januari 2015, Kenya na majirani zake walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa nyingi huharibu vichujio vya moshi vya magari ya kisasa, kwa hiyo mafuta mabaya yangefanya hata gari jipya kuwa chafu. Lakini mafuta mazuri hayawezi kuiponya injini isiyofanyiwa matengenezo, wala gari ambalo kichujio chake kimeng'olewa gereji. Lile wingu jeusi linalotoka kwenye lori likipanda mlima ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri, na fundi mwaminifu anajua pa kuanzia: vichujio vya hewa, nozeli, na pampu.

MwalimuSection58

Salamu kutoka Nakuru. Ziwa letu halitupulizii upepo wa namna ya ule wa ghuba yenu ya Winam, na barabara kuu ya kwenda Uganda inapita katikati ya jiji, na malori ya mizigo hayalali. Upande wa mtaa wetu uitwao London kuna dampo la Gioto kwenye miteremko ya Menengai, na moshi ukitoka huko hushuka mitaani. Ninafundisha sayansi, na baada ya kusoma uzi huu nimejiuliza shule zinaweza kufanya nini, maana mwanafunzi hutumia sehemu kubwa ya siku mikononi mwetu.

Nimeona mambo matatu ambayo hayahitaji pesa nyingi. Tanuri la taka la shule huwashwa jioni wakati wanafunzi wa bweni wanaingia masomo ya usiku, na moshi huelekea madarasani. Michezo hufanywa kwenye uwanja unaopakana na barabara saa ileile ya msongamano, na mwanafunzi anayekimbia huvuta hewa mara nyingi zaidi kuliko aliyeketi. Na jiko letu la kuni liko upande ambao upepo hutoka. Swali langu ni la kisheria: nikilipeleka suala hili juu, ni nani anayewajibika? Kila ofisi hunielekeza kwa nyingine.

PumziYaWinam

Mwalimu, uliyoyataja yana thamani kuliko makongamano mengi. Kama uwanja una upande wa mbali na barabara, mita mia chache zinaleta tofauti. Utafiti wa California wa mwaka 2007 uliona kwamba watoto waliokuwa wakiishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu walikuwa na ukuaji hafifu wa mapafu kuliko waliokuwa mbali zaidi ya mita 1,500, hata katika miji ambayo hewa yake kwa jumla ilikuwa nzuri.

Kisheria jibu liko wazi kuliko ofisi hizo zinavyokuambia. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaitaja waziwazi udhibiti wa uchafuzi wa hewa kuwa kazi ya serikali za kaunti, pamoja na ukusanyaji na utupaji wa taka. Halafu kuna Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014, ambazo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inazisimamia kwa viwanda na vyanzo vingine. Kwa hiyo dampo na uchomaji wa taka uanze nao kwa kaunti, kiwanda uanze nacho kwa NEMA, na barua zote mbili zipelekwe nakala kwa mwakilishi wa wadi. Andika tarehe, saa, mahali, upande wa upepo na idadi ya wanafunzi walioathirika. Lalamiko lenye maelezo ya namna hiyo ni vigumu kulitupa.

Nchini Uingereza kuna mtoto anayeitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9 kwa pumu kali, nyumbani kwao kukiwa karibu na barabara yenye msongamano kusini mwa London. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Mama yake alipigania hilo kwa miaka, na kilichomsaidia ni kwamba kulikuwa na kituo cha kupima hewa karibu na nyumbani, kikiwa na takwimu za siku alizolazwa. Sisi tukikosa vipimo, hata mwenye haki hana cha kuonyesha.

MdadisiBusia

Hapo umenigusa, na sasa naona hoja yako inasimama wapi. Lakini tukisema vipimo, vifaa vya maabara ni ghali, na nijuavyo mimi kaunti zetu hununua magari kwanza.

PumziYaWinam

Ndiyo sababu ninaitazama Kampala. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vifaa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu, vikafungwa juu ya nguzo, mashuleni na hata kwenye bodaboda. Vifaa vya namna hiyo havina usahihi wa kituo kikubwa, na lazima vilinganishwe nacho mara kwa mara, lakini vinatosha kukuambia kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni mbaya kuliko saa tano, na kama lango la shule ni baya kuliko uwanja wa nyuma. Kwa Kisumu ningependekeza kimoja Kondele, kimoja Obunga karibu na wakaangaji kwa ridhaa yao, kimoja ndani ya shule ya Manyatta, na kimoja Dunga penye upepo wa ziwa ili tuwe na pa kulinganisha.

MwalimuSection58

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukisoma kifaa kama hicho na kuchora grafu yake. Ingekuwa kazi nzuri kwa klabu ya sayansi. Wakati nikitafuta njia ya kukipata, kuhusu tanuri la taka nimeshazungumza na naibu mkuu wa shule: litawashwa Jumamosi saa tano mchana, wakati upepo umeamka na mabweni yako wazi, na plastiki zitatengwa ziuzwe kwa wakusanyaji. Kuhusu jiko, bodi inakutana mwezi ujao, na nimeomba bei ya bomba la moshi kutoka kwa mafundi wawili wa jua kali. Mama wa Obunga, kama chama chenu kina mchoro wa jiko la matofali lililofanya kazi vizuri, ningeshukuru kuuona hapa.